Msimlaumu mzee, ilaumuni skrini

Kuna maneno ninayoyasikia karibu kila juma katika chumba cha matibabu, na msemaji huyatamka huku akicheka kidogo, kama mtu anayetaka jambo lipite upesi: "Daktari, hayo mambo ya simu na kompyuta nimewaachia watoto." Husemwa na mwalimu mstaafu, na mama mwenye duka, na karani aliyepatwa na kiharusi mwaka juzi. Anayeyasikia hudhani ni uzee unaosema, au ni ukosefu wa masomo. Mimi hupenda kuuliza swali moja zaidi: umewaachia tangu lini? Na jibu, mara nyingi mno, huangukia kwenye tarehe iliyoandikwa katika faili ya mgonjwa. Ni tangu vidole vilipoanza kuvimba. Ni tangu jicho lilipoingia ukungu. Ni tangu mkono ulipoanza kutetemeka.

Mwalimu aliyejaza rejista na kutunga mitihani kwa miaka 30 hawezi kushindwa kuelewa maagizo ya kutuma pesa. Kilichomshinda ni kitufe kilicho kidogo kuliko ncha ya kidole chake, herufi za kijivu zilizopakwa juu ya weupe, na ujumbe unaotoweka kabla hajamaliza kuusoma. Maoni yangu ni kwamba huo ni upungufu wa mashine na wa wale walioiunda, na kwamba unatibika kwa urahisi kuliko maradhi mengi ninayokutana nayo.

Tunaposikia neno mlemavu, wengi wetu huona fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka mitano na zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3, karibu mtu mmoja katika kila sita, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Sidhani kuna atakayeamini kwamba Wakenya wana afya kuwashinda walimwengu wengine kwa kiasi hicho. Hesabu za aina hii hutegemea sana swali lililoulizwa na mahali mstari ulipochorwa. Katikati ya takwimu hizo mbili wamo watu ambao hawatajiita walemavu kamwe: mwenye kisukari ambaye macho yanapungua nguvu, mwenye baridi yabisi, mwenye kutetemeka mikono, na aliyepona kiharusi lakini mkono wa kulia haukurudi sawasawa.

Mimi mwenyewe nimepita miaka 40, na kama ilivyo ada ya umri huo, lenzi ya jicho imeanza kukakamaa. Bila miwani siwezi kusoma maandishi yaliyo kwenye chupa ndogo ya dawa. Hakuna aniitaye mlemavu, kwa sababu miwani ya kusomea inauzwa kila mtaa wa Nairobi. Kama isingekuwapo, ningekuwa daktari hatari, na pengine ningestaafu mapema. Macho ni yale yale; kinachotofautisha hali hizo mbili ni kuwapo kwa kifaa kinachomfuata mtu alivyo.

Hapo zamani si za kale sana, aliyeshindwa na kompyuta angeweza kuishi bila kuigusa. Angekwenda ofisini, akapanga foleni, akazungumza na karani. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu, tangu M-PESA ilipoanzishwa mwezi Machi 2007. Pasipoti na leseni ya kuendesha gari huombwa kupitia eCitizen, na kodi huwasilishwa kwenye iTax. Fauka ya hayo, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, hata kujiandikisha kwa bima ya afya huanzia kwenye simu au kompyuta. Skrini imekuwa mlango wa hospitali.

Na hapa ndipo penye jambo linaloniudhi mimi kama tabibu. Mtu asiyeweza kutumia skrini haachi kuhitaji pesa wala bima. Anachofanya ni kumpa mtu mwingine simu. Humpa mjukuu, jirani au wakala wa pesa, na pamoja na simu humpa nambari ya siri. Nimepata kumwona mama mmoja, mwenye mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, akiitaja nambari yake kwa sauti mbele ya foleni nzima ya duka la dawa. Watu walitazama chini kwa haya. Siku hizi pia kuna hospitali zinazotuma majibu ya maabara kwa ujumbe wa simu. Basi mfikirie mwanamke ambaye ujumbe wake husomwa kwanza na shemeji yake. Sisi madaktari hufunga mlango na kushusha sauti ili tulinde siri ya mgonjwa, kisha siri ile ile inamwagwa barabarani kwa sababu tu mashine haikumwezesha mwenyewe kuisoma. Kuna wazee wanaoibiwa akiba yao na watu waliowaamini. Na kuna wengine ambao hawaibiwi, lakini huona afadhali wakae bila dawa kuliko kumwomba mtoto kwa mara ya tatu siku hiyo.

Sasa tuseme juu ya tiba. Wataalamu wa kompyuta huita kiolesura ile sehemu ya mashine ambayo mtu huiona, huisikia na kuigusa: skrini, vitufe, sauti, mpangilio wa maandishi. Tofauti na mkono wa mtu, kiolesura hakikuumbwa na mifupa. Ni maagizo yaliyoandikwa, na yanaweza kubadilishwa. Herufi inaweza kukua, rangi zinaweza kugeuzwa, kitufe kinaweza kusubiri, maandishi yanaweza kusomwa kwa sauti. Ukifikiria vizuri utaona kwamba hakuna chombo katika historia ya binadamu kilicho rahisi kubadilishwa kama hiki, na ndiyo sababu ukaidi wake unaudhi.

Mfano unaojulikana kote duniani ni wa mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking. Aligunduliwa mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, kuwa na ugonjwa wa neva unaolegeza misuli pole pole hadi mgonjwa asiweze kusogeza chochote. Mwaka 1985 alipatwa na nimonia akiwa Uswisi, na upasuaji wa koo uliookoa maisha yake ukamnyang'anya sauti. Mmarekani mmoja, Walt Woltosz, alikuwa ameunda programu kwa ajili ya mama mkwe wake aliyekuwa na ugonjwa huo huo, akampelekea Hawking. Maneno yalipita kwenye skrini yakijionyesha moja moja, naye akabonyeza swichi kwa mkono alipoliona analolitaka. Miaka ilivyosonga kidole gumba nacho kikachoka, na swichi ikahamishwa ikawa kifaa kidogo kwenye miwani yake, kilichotambua msuli wa shavu ukijikunja. Aliendelea kuandika na kuhutubu kwa njia hiyo hadi alipofariki Machi 2018. Ugonjwa ulisonga mbele, na kiolesura kikasonga pamoja nao.

Msomaji atasema huyo alikuwa mtu mashuhuri, aliyezungukwa na wahandisi. Ni kweli. Lakini vifaa vinavyowafaa wagonjwa wangu wa kawaida vimekuwa ndani ya kompyuta za kawaida kwa muda mrefu, bila malipo ya ziada, na vimelala humo bila kuguswa. Katika miaka ya 1980, kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, kikiongozwa na Gregg Vanderheiden, kilibuni mbinu kadhaa za kuisaidia mikono dhaifu kutumia kibodi. Apple ikaziingiza katika Macintosh, na Microsoft ikazijumuisha katika Windows 95. Kompyuta iliyo mezani pako ofisini bila shaka inazo.

Tuchukue mwenye kiharusi aliyebaki na mkono mmoja. Ili kuandika herufi kubwa hana budi kushikilia kitufe kimoja huku akibonyeza kingine, na kwa amri nyingine ni vitufe vitatu kwa pamoja. Kwa mkono mmoja hiyo ni sarakasi. Mbinu ya kwanza huviruhusu vitufe hivyo kubonyezwa kimoja baada ya kingine, na kompyuta ikavichukulia kana kwamba vilibonyezwa pamoja. Mwenye kutetemeka naye ana shida tofauti: kidole chake hugusa kitufe asichokitaka njiani, kisha hukigusa anachokitaka mara nne. Mbinu ya pili huiagiza kompyuta ipuuze mguso wowote wa kupita na ihesabu ule uliotulia tu. Simu nyingi za kisasa zina kitu kama hicho: unaiambia ni muda gani kidole kikae ndipo ikubali kwamba umekusudia. Nimepata kumwekea hivyo mzee mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson, kazi ya dakika tano, na mwezi uliofuata alinitumia ujumbe alioundika mwenyewe, mrefu kuliko nilivyokuwa na muda wa kuusoma.

Mwenye presha ya macho, na vile vile mtu mwenye ualbino, aghalabu huumizwa na mwanga mkali wa skrini nyeupe. Kwake kugeuza rangi, herufi nyeupe juu ya weusi, ni nafuu ya papo hapo. Mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi anaweza kuacha kuandika kabisa, akasema na simu ikaandika. Tangu mwaka 2017 Google imekuwa ikipokea imla kwa Kiswahili. Lakini hapa natia tahadhari, kwa maana nimewasikia vijana wa teknolojia wakisema sauti itamaliza matatizo yote. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza sauti ikawa mnong'ono. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi huvuruga maneno yenyewe. Kiharusi cha upande wa kulia huleta jambo la ajabu zaidi: mgonjwa husahau kwamba upande wa kushoto wa dunia upo. Hula nusu ya sahani. Ukimwekea kitufe cha kuendelea kwenye pembe ya kushoto ya skrini, kwake kitufe hicho hakipo, na atakaa akisubiri hadi jioni. Huyo hahitaji herufi kubwa wala sauti. Anahitaji uwezo wa kukihamisha kitufe.

Kwa wasioona kabisa historia ni ya kutia moyo, na imeandikwa zaidi na vipofu wenyewe. Mmarekani Ted Henter, aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa mwaka 1989 programu inayoisoma skrini kwa sauti, iitwayo JAWS. Ilikuwa nzuri, na bei yake iliwashinda wengi. Mwaka 2006 Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianza kuunda nyingine iitwayo NVDA, wakaitoa bure kwa yeyote. Simu za iPhone na za Android zikapata uwezo kama huo mwaka 2009. Mwaka huo huo hapa kwetu shirika la inABLE lilianza kazi yake, likaanzia na maabara ya kompyuta katika shule ya vipofu ya Thika. Kuna hata sauti inayosoma Kiswahili pamoja na NVDA, ingawa matamshi yake ni makavu na haina haraka ya kumpendeza mtu.

Hata hivyo programu hizo husoma tu kile ambacho mbunifu alikiandika. Mbunifu akichora picha ya bahasha, na picha ya nyumba, na picha ya kikapu, bila kuandika nyuma yake jina la kila moja, asiyeona atasikia: "kitufe, kitufe, kitufe." Kuandika jina hilo ni kazi ya sekunde chache. Kutoliandika ni sawa na kujenga zahanati yenye milango kumi isiyo na maandishi, kisha ukamwambia mgonjwa achague.

Makosa mengine ni ya aina hiyo hiyo, ya kutojali zaidi kuliko ya ugumu wa kazi. Herufi zimefungwa zisikue, na zikikuzwa nusu ya sentensi hutoka nje ya skrini. Kosa kwenye fomu huonyeshwa kwa rangi nyekundu peke yake, na asiyetambua rangi hajui amekosea wapi. Kiziwi anaambiwa apige simu nambari fulani kwa usaidizi. Kuna yale mafumbo ya picha, ambapo mtu huambiwa achague taa za barabarani ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu. Asiyeona haoni taa, basi si binadamu. Na kuna saa. Menyu za simu za kubonyeza nyota na nambari hujifunga zenyewe baada ya muda mfupi. Kwa kijana muda huo ni tele. Kwa mwenye vidole vya baridi yabisi, anayeanza upya mara ya nne, ni mlango unaofungwa usoni kila akifika kizingitini.

Upande mmoja wa jambo hili hata huingia moja kwa moja katika udaktari. Mnamo Desemba 16, 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilirushwa nchini Japani kikiwa na mmweko wa haraka wa nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na degedege. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inakataza kitu chochote kwenye skrini kumweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Miongozo hiyo, inayotolewa na muungano wa W3C, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Si maneno matupu ya huruma. Ina vipimo kama vya maabara. Tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila kitu kupotea. Mtumiaji aweze kuongeza muda kabla ukurasa haujajifunga.

Na si mambo ya Ulaya pekee. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa na nyenzo za kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilitoa mwaka 2022 kiwango chake chenyewe, KS 2952, kuhusu bidhaa na huduma za kompyuta na mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 nayo imebadilishwa na nyingine ya mwaka 2025. Karatasi tunazo. Kile nisichokiona ni mtu wa kumrudishia mhandisi kazi yake na kumwambia, hii haijatimiza kiwango.

Nimesikia pingamizi mbili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba walemavu watengenezewe mlango wao, yaani ukurasa maalumu wenye herufi kubwa, kando na ule wa watu wote. Wazo hilo lina nia njema, na mimi nalipinga. Ukurasa wa kando husahauliwa. Ule mkuu utaongezwa huduma mpya mwezi ujao, na ule wa walemavu utabaki na habari za mwaka jana. Tena, nani ataamua kwamba yeye ni wa mlango ule? Yule mwalimu mstaafu hataupitia ng'o. Lakini mpe ukurasa ule ule wa kila mtu, unaokubali kukuzwa, na ataukuza kimya kimya bila kumwomba mtu ruhusa.

Pingamizi ya pili ni ya kitaalamu zaidi: mashine za leo zina akili, basi zijirekebishe zenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Krzysztof Gajos, Jacob Wobbrock na Daniel Weld, walionyesha jambo la maana sana. Waliwapa watu wenye udhaifu wa mikono mtihani mfupi wa kuelekeza na kubonyeza, kisha kompyuta ikatumia matokeo kuchora upya vitufe na orodha zake ili vimfae mtu yule hasa. Kundi lilikuwa dogo, lakini kazi ilikwenda kasi kwa asilimia 26.4 na makosa yakapungua kwa asilimia 73. Kwangu, utafiti huo uliligeuza swali. Badala ya kuuliza mgonjwa huyu hawezi nini, waliuliza anaweza nini, wakaipa mashine mzigo wa kumfuata.

Ila tazama kwamba mashine ile ilimpima mtu kwanza, naye akijua anapimwa. Mashine inayokisia kimya kimya na kubadilisha mahali pa vitufe kila siku ni balaa kwa mgonjwa ambaye amejifunza kwa jasho kitufe kiko wapi, na kwa asiyeona ni kama kuhamishiwa samani usiku. Sisi madaktari tunalo neno la kuwaongezea wahandisi hapa: maradhi hayatulii. Mwenye baridi yabisi huamka vidole vikiwa vimekakamaa, na kufikia saa tano vimelegea. Mwenye Parkinson huwa sawa dawa ikiwa kazini na hubadilika inapokwisha. Mwenye kisukari ambaye sukari imepanda huona ukungu kwa siku kadhaa kwa sababu lenzi ya jicho imefura. Sukari ikitulizwa, naye huona tena. Kiolesura kwa watu kama hao lazima kibadilishwe kwa urahisi, kirudishwe kwa urahisi, na mwenye uamuzi awe mgonjwa mwenyewe. Kumwekea mtu mipangilio mara moja mwezi Januari na kudhani umemaliza ni kama kumpima miwani mtoto na kumwambia aivae hadi atakapooa.

Kuhusu gharama, sitazungumza sana. Kila mjenzi anajua kwamba kuacha nafasi ya lifti kwenye ramani ni rahisi kuliko kuitoboa baadaye katika jumba lililokwisha kujengwa. Na anayedhani kwamba wanaofaidika ni wachache, akapande matatu jioni na kuwahesabu abiria walioishika simu mbali na macho, mkono umenyooka, wakijaribu kusoma.

Kwa wenzangu wa kliniki nina ombi dogo. Tunamwuliza mgonjwa wa kiharusi kama anaweza kuvaa shati, kula na kwenda msalani peke yake. Tuongeze la nne: unaweza kutumia simu yako peke yako? Akisema hapana, tumpeleke kwa wale wenzetu wa hospitali wanaowafundisha wagonjwa upya kazi za mikono, na tuandike hivyo kwenye karatasi kama tunavyoandika dawa. Shida ya macho pia ifuatwe hadi mwisho wake. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na kukuza herufi kusiwe kisingizio cha kuahirisha matibabu.

Na wewe msomaji, kabla hujalilaza gazeti hili, chukua simu ya mzazi wako. Fungua mahali pa mipangilio, utafute alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Simu ikiwa kwa Kiswahili pameandikwa Ufikivu. Usibadilishe kitu bila yeye. Kaa naye, mjaribu ukubwa wa herufi, kisha weusi na weupe, kisha muda wa kugusa, na umwache aseme basi. Mwonyeshe pia namna ya kurudisha kilichokuwapo. Hilo la mwisho husahauliwa sana na vijana, na ndilo humwondolea mzee hofu ya kuharibu.

Kilichobaki ni cha wakubwa. Kila wizara, kaunti, benki na hospitali inayonunua mfumo wa kompyuta hutangaza zabuni, na zabuni hutaja bei, muda wa kazi na dhamana. Itaje pia KS 2952 kwa jina, na malipo ya mwisho yasitolewe hadi mfumo uwe umejaribiwa na watu watano ambao si wafanyakazi wa kampuni: asiyeona, mwenye macho hafifu, kiziwi, mwenye mkono mmoja na mwenye kutetemeka. Wapewe kazi moja ya kweli, kama kujiandikisha, kulipa au kusoma majibu yao, na mhandisi akae nyuma yao na asiruhusiwe kuwasaidia. Asubuhi moja inatosha.